Mafunjo ya Mawe: Karnak katika Picha za Kale

Aliyekulia kando ya Ziwa Victoria anayajua mafunjo: shina refu la pembe tatu, na shungi la kijani linaloyumba upepo ukivuma. Mmea huohuo zamani ulijaa vinamasi vya Mto Naili kule Misri, na mafundi wa mafarao wakauchonga kwenye mawe.

Mfaransa Maxime Du Camp alipiga picha Ukumbi wa Nguzo wa Karnak, hekalu kubwa la kale huko Luxor, Misri, mwaka 1850, akitumia hasi za karatasi, yaani karatasi zinazonasa picha kinyume, giza likiwa mwanga, kabla ya kuchapishwa. Mara nyingi alimsimamisha baharia wa mashua yake kando ya magofu ili ukubwa wake uonekane. Ukumbi huo una nguzo 134. Zile 12 za katikati zina kimo cha mita 21 hivi, na vichwa vyake, yaani sehemu zake za juu, vimechanua kama ua la mafunjo. Zile 122 za pembeni ni fupi zaidi, na vichwa vyake bado vimefumba.

Si urembo mtupu huo. Paa la katikati liliinuliwa na kuwekewa madirisha ya mawe, mwanga ukaingia hapo. Pembeni kukabaki giza. Ua limechanua penye jua. Wamisri waliamini kwamba mwanzoni yote yalikuwa maji, kisha kilima kikachomoza, na hekalu liliikumbuka asubuhi ile: nguzo ni kinamasi, na sakafu inapanda kidogo kidogo hadi chumba cha mungu.

Picha za wakati ule hazina rangi, kwa hiyo masalia ya kijani na buluu hatuyaoni humo. Hata hivyo, mimi huwashauri wanafunzi waanze nazo, kwa kuwa kivuli hukionyesha wazi kichwa cha nguzo. Upungufu wake ni kifusi, ambacho mara nyingi kilifunika miguu ya nguzo, pale yalipochongwa majani yanayolikumbatia shina.

Zinazonigusa zaidi ni picha za mwishoni mwa karne ya 19, zilizopigwa wakati wa mafuriko. Maji ya Naili yametanda ukumbini na nguzo zimesimama ndani yake, kama mafunjo hasa. Lakini maji hayo yalibeba chumvi iliyokula mawe ya chini. Tarehe 3 Oktoba 1899 nguzo 11 zilianguka. Georges Legrain, mwanaakiolojia Mfaransa, alizisimamisha upya, kwa hiyo anayetaka kuziona jinsi zilivyokuwa kabla ya hapo hana budi kurudi kwenye picha za akina Du Camp.