Unasubiri kuonwa na bingwa wa kubadili jinsia? Maswali na majibu ya kuanzia

Kliniki za kubadili jinsia ni chache na foleni zake ni ndefu: kuna wanaosubiri miezi, na wengine miaka. Maswali haya ni ya watu walio katikati ya foleni hiyo, yaani wale ambao jinsia wanayojijua nayo haifanani na ile waliyoandikiwa walipozaliwa, na wameshapewa rufaa au bado wanaitafuta. Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari anayekuona ana kwa ana. Ila yapo mengi ya kuanza nayo kabla hujamfikia bingwa, na machache ambayo ni heri usiyaguse peke yako.

Je, huu ni ugonjwa wa akili?

Hapana. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliitoa hali hii kwenye sura ya magonjwa ya akili katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Sasa imewekwa kwenye sura ya afya ya ujinsia. Kama una sonona au wasiwasi pia, vitibiwe sambamba. Kuwa navyo hakukuondolei haki ya kusaidiwa kuhusu jinsia yako.

Sina dawa yoyote. Nianze na nini?

Anza na yanayorudi nyuma. Jina, mavazi, mtindo wa nywele, kuitwa kaka badala ya dada au shangazi badala ya mjomba: hivi vyote unavijaribu leo, na kisipokukaa unakiacha bila gharama. Mwombe mtu mmoja unayemwamini akuite jina jipya kwa wiki kadhaa, uone moyo unasemaje. Wengine humaliza safari yao hapo hapo na wakaridhika, hawataki homoni wala upasuaji. Wengine hapo ndipo wanapothibitisha kwamba wanahitaji zaidi.

Lakini kabla hujatangaza, pima usalama. Unalala kwa nani, ada au chakula chako kinatoka mfukoni mwa nani, vyeti vyako viko wapi, na ukifukuzwa usiku utabisha hodi kwa nani? Sheria nazo hazifanani kila mahali. Huna deni la kumwambia kila mtu, tena siku moja.

Nabana kifua kwa bandeji. Kuna ubaya?

Upo. Bandeji ya kuvutika na utepe wa gundi ndivyo vibaya kuliko vyote. Bandeji huendelea kukaza kadiri unavyojongea, na mbavu zinakosa nafasi ya kupanuka. Tumia nguo iliyoshonwa kwa kazi hiyo, au sidiria ya michezo, ya saizi yako halisi. Kuchukua ndogo zaidi hakukupi kifua bapa zaidi, kunakupa maumivu.

Ijaribu hivi: ivae, kaa kitako, vuta pumzi mpaka mwisho, kisha inua mikono yote miwili juu ya kichwa. Pumzi ikikwama katikati, au ukihisi kitu kinakuchoma ubavuni, inabana mno. Isikae mwilini zaidi ya saa 8 kwa siku, usilale nayo, ivue wakati wa mazoezi na wakati una kikohozi. Ziwepo siku za kupumzika kabisa. Ifuliwe mara kwa mara, maana jasho likikwama chini ya titi huleta fangasi na vipele.

Maumivu yasiyoisha hata baada ya kuivua, ganzi au kukosa pumzi ni sababu ya kumwona daktari. Mwambie ulikuwa unavaa nini. Ukimficha, atahangaika kutafuta ugonjwa usiokuwepo.

Na kuficha uume na korodani ili nguo ikae vizuri?

Inawezekana. Korodani husukumwa polepole kuelekea kwenye mifereji ya kinena, uume ukalazwa nyuma katikati ya mapaja, na chupi ya kubana ikavishikilia. Kukiuma, acha. Utepe wa madukani hubandua ngozi. Anayelazimika kutumia gundi atumie plasta ya hospitali kwenye ngozi iliyonyolewa.

Kosa la wengi ni kuacha kunywa maji na kubana mkojo kutwa nzima ili wasihangaike kuvua chupi hiyo chooni, wakaishia na maambukizi ya njia ya mkojo. Fahamu pia kwamba joto la mwilini linaweza kupunguza mbegu za kiume. Na korodani ikiuma vikali ghafla, hiyo ni dharura: huenda imejisokota, na kuokolewa kwake ni suala la saa chache tu.

Homoni zitanibadilisha sauti?

Testosteroni, yaani homoni ya kiume, ndiyo. Huzinenepesha nyuzi za sauti, sauti ikaanza kushuka ndani ya miezi michache, na ikishashuka hairudi hata ukiacha dawa. Estrojeni, yaani homoni ya kike, haiipandishi sauti iliyokwisha kuvunjika wakati wa balehe. Kwa hiyo mwanamke transijenda (yaani aliyeandikiwa mwanamume alipozaliwa) hana sababu ya kuingojea kliniki: sauti yake itatokana na mazoezi, na mazoezi yanaweza kuanza leo.

Wengi hukimbilia kuipandisha juu tu, ikatoka ya kuigiza. Sikio la msikilizaji hunasa zaidi mahali sauti inapovuma. Weka kiganja kifuani useme "mmm" kwa sauti yako ya kila siku. Utahisi kifua kinatetema. Sasa irudie huku ukijaribu kuupeleka mtetemo usoni, kwenye midomo na pua, mpaka kifua kitulie chini ya kiganja. Dakika chache kila siku zinatosha. Jirekodi kwa simu, usikilize kesho yake, si papo hapo, maana papo hapo utajichukia bure. Koo likianza kukwaruza, umemaliza kwa siku hiyo. Mtaalamu wa tiba ya usemi akipatikana, mwone. Huhitaji kuwa kwenye homoni ndipo akufundishe.

Ndevu je?

Estrojeni haiziondoi ndevu zilizokwisha kuota. Kuna leza na kuna elektrolisisi. Leza hufuata weusi wa unywele, ndiyo maana mvi haziguswi. Ngozi ikiwa nyeusi, uliza kabla ya kulala kitandani kama mashine ni ya Nd:YAG, yenye mawimbi ya nanomita 1064. Hiyo huigusa rangi ya ngozi kwa kiasi kidogo kuliko mashine nyingine, ambazo zinaweza kukuunguza na kukuachia madoa. Elektrolisisi huua unywele mmoja mmoja kwa sindano nyembamba yenye umeme. Ni ya polepole na inauma, lakini haibagui rangi ya ngozi wala ya nywele.

Unaponyoa, fuata upande nywele zinakolalia na usinyoe mpaka chini kabisa. Nywele za kipilipili zikikatwa hivyo hujikunja zikarudi ndani ya ngozi na kuleta vipele.

Hedhi inanimaliza kila mwezi. Lazima ningoje testosteroni?

La. Daktari wa kawaida au kituo cha uzazi wa mpango wanaweza kukupa vidonge vya projestini peke yake, sindano ya miezi 3 au kitanzi chenye homoni. Vyote hivi havina estrojeni, na kwa wengi hupunguza hedhi au kuisimamisha kabisa, ingawa miezi ya mwanzo damu inaweza kutoka kidogo kidogo bila mpangilio. Inashangaza ni wangapi huvumilia kwa miaka kitu ambacho hakihitaji bingwa.

Nimepata mtu anauza homoni. Kwa nini nisianze tu?

Kwa sababu hujui kilichomo kwenye chupa, na hujui damu yako iko vipi kabla ya kuanza. Wengi hutumia vidonge vya kupanga uzazi kwa kuwa vinapatikana kirahisi. Vingi vina ethinilestradioli, aina ya estrojeni inayogandisha damu zaidi, na ndiyo sababu kliniki hutumia estradioli. Zipo pia dawa za kuzuia testosteroni: spironolaktoni inaweza kupandisha potasiamu kwenye damu. Nyingine, siproteroni, ya dozi kubwa kwa muda mrefu imehusishwa na uvimbe kwenye utando wa ubongo. Testosteroni huongeza chembe nyekundu, na zikizidi damu huwa nzito.

Kuzidisha dozi nako hakuharakishi kitu. Kwa kawaida matiti huanza kuota kati ya miezi 3 na 6, na huchukua miaka 2 hadi 3 kufikia ukubwa wake. Hata mwenye dawa halali hungoja hivyo hivyo.

Kama umeshaanza, sina nia ya kukugombeza. Mwambie daktari yeyote unayeweza kumwamini, umwombe akupime presha, wingi wa damu, ini, figo, potasiamu, na viwango vya estradioli na testosteroni. Wengine hukubali kukusimamia mpaka bingwa apatikane. Usichangie sindano na mtu, kwa ajili ya virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikichoma ghafla au pumzi ikikata, nenda kitengo cha dharura saa hiyo hiyo na utaje homoni unazotumia.

Na sindano za silikoni za kukuza hipsi?

Usikubali, hata anayezidunga akiwa rafiki. Silikoni ya majimaji inaweza kuingia kwenye mishipa ikafika mapafuni na kuua. Inaweza pia kuhama mahali ilipodungwa au kuwa mavimbe magumu miaka baadaye, na kuitoa yote mara nyingi haiwezekani.

Mwili niuandaeje?

Ukivuta sigara, acha. Sigara na estrojeni kwa pamoja huongeza hatari ya damu kuganda, na kwa upasuaji wowote sigara huchelewesha kidonda kupona. Presha na kisukari vidhibitiwe. Vipimo vya saratani hufuata kiungo ulichonacho: mwenye shingo ya kizazi apimwe shingo ya kizazi, mwenye tezi dume aijue tezi dume yake, jina lolote alilonalo.

Nikitaka watoto baadaye?

Lifikirie sasa. Estrojeni hupunguza mbegu, na huenda zisirudi zote. Anayeweza kuhifadhi mbegu au mayai hospitalini afanye hivyo kabla ya dozi ya kwanza. Kosa jingine la hatari ni kudhani testosteroni ni kinga ya mimba. Siyo. Mtu anaweza kushika mimba hata kama hedhi imekoma, na dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Mimi ni mama. Mwanangu wa miaka 14 amenieleza haya juzi, sijui nishike wapi.

Mama, kwamba amekuambia wewe ni jambo kubwa. Usimpe jibu la mwisho leo, wala usimwahidi dawa. Msikilize, muulize angependa kuitwaje nyumbani na nani mwingine anajua. Mpeleke mapema kwa daktari wa watoto, kwa sababu mabadiliko ya balehe kama sauti na matiti hayarudi, na ushauri unaofaa umri wake hauna budi kutoka kwa daktari anayemwona. Asiguse homoni za watu wazima. Shuleni je, kuna anayemsumbua? Muulize hilo kabla ya maswali makubwa.

Kusubiri kwenyewe kunaniua. Nifanyeje?

Kama unamaanisha kwamba unawaza kujiua, usimalize usiku huu peke yako. Mpigie mtu, au nenda hospitali iliyo karibu useme hivyo hivyo bila kuzunguka. Hilo halingoji rufaa.

Kama ni uchovu, tafuta wenzako waliopitia. Kuzungumza na mtu ambaye foleni yake iliisha husaidia kuliko kusoma usiku kucha. Mshauri nasaha naye anafaa, mradi asijipe kazi ya kukugeuza. Majaribio ya kumbadilisha mtu aache kuwa transijenda yanadhuru, na vyama vikubwa vya madaktari vinayapinga.

Siku ya miadi niende na nini?

Kwanza hakikisha miadi yenyewe ipo. Piga simu uulize kama barua ya rufaa ilipokelewa, ujue jina la aliyekujibu, na ukibadili namba ya simu au anwani uwataarifu. Nenda na orodha ya dawa zote na tarehe ulizoanza, zikiwemo zile ulizojinunulia, majibu ya vipimo, na habari za damu kuganda au saratani ya matiti katika ukoo. Andika pia unachotaka na usichokitaka, kwa sababu ukifika mbele ya bingwa nusu yake utaisahau. Na kama jina lililo kwenye kadi si lile unalolitumia, mfuate mtu wa mapokezi umnong'oneze kabla hajaliita mbele ya watu.