"Anajua Kushona, Basi Afungue Kiwanda"

Juma lililopita alinijia mama mmoja kutoka Nkuhungu, hapa Dodoma, ameongozana na bintiye aliyemaliza chuo cha ufundi cha VETA. Niligeuza pindo la gauni ambalo binti alijishonea mwenyewe: ndani pamenyooka kama nje, uzi haujavuta hata mahali pamoja. Fundi hasa. Kisha mama akatoa yale maneno ambayo siku hizi naweza kumsaidia mtu kuyamalizia: "Dada, mwanangu anajua kushona. Tumeuza kiwanja, tunataka mashine kumi, naye awe na kiwanda kama chako."

Nikauliza kama hela ya kiwanja imeshaingia. Imeshaingia. Nikaagiza chai, maana mazungumzo hayo si ya kusimama.

Mimi mwenyewe nilianza na cherehani ya miguu kwenye baraza la duka la watu, pale Majengo, miaka tisa. Leo nina karakana Kizota, mashine 24, tunashona sare za shule na ovaroli. Ufundi siudharau, ndio ulionilisha. Lakini hii dhana kwamba kiwanda ni fundi mzuri aliyeongezewa mashine imekula viwanja vingi mno hapa mjini, na nimechoka kuletewa mashine za kuuzwa kwa hasara, nyingine bado zina nailoni zake.

Barazani una mteja mmoja na mwili mmoja. Nguo ikibana, unaifumua. Kiwandani shati moja linapita mikono ya watu wengi: huyu kola, yule mfuko, mwingine mabega, mikono, ubavu, pindo, matundu, vifungo. Sasa sema kila hatua inachukua dakika mbili, ila kola inachukua tano. Kwa saa yatatoka mashati mangapi? Kila binti ninayemuuliza ananijibu 30. Ni 12. Wote wanamsubiri wa kola. Ukiweka mashine kumi zaidi kwenye pindo ni 12 vilevile, isipokuwa sasa una watu kumi wanaochati. Dawa ni kumpa wa kola wenzake wawili, au kuivunja ile kazi vipande: mmoja akazie, mwingine ageuze na kupiga pasi, mwingine ashonee. Hayo huyajui kwa kushona vizuri. Unayajua kwa kusimama na saa mkononi nyuma ya mtu ambaye anakuchukia kwa kusimama pale.

Halafu meza ya kukatia. Shati la mtu mzima linakula kama mita moja na nusu ya kitambaa cha upana wa inchi 60. Ukipanga pateni, yale makaratasi ya umbo la kila kipande, kwa akili ukaokoa sentimita tano tu kila shati, oda ya mashati 600 imekuachia mita 30, yaani mashati 20 ambayo kitambaa chake hukukinunua. Ukipanga ovyo, hayo 20 unayatoa mfukoni. Mkataji wangu analipwa kuliko mtu yeyote karakanani, na hajui kushona hata mfuko. Hapo mama wa Nkuhungu aliweka kikombe chini.

Na kuna kufua. Hili nalisema mpaka vijana wangu wananiigiza nikigeuka. Oda yangu ya kwanza kubwa ilikuwa mashati meupe 400 ya shule moja. Muuzaji wa majora aliniapia kwamba kitambaa hakirudi, nami nikamwamini, kwa sababu miaka tisa yote ya barazani sikuwahi kufua kitambaa kabla ya kukikata. Kikarudi asilimia tano. Mkono wa sentimita 60 ukawa 57, urefu wa 70 ukawa 66 na nusu. Watoto wakinyoosha mikono kujibu swali, vitovu nje. Niliyashona upya yote kwa fedha yangu, na Krismasi ile nyumbani kwangu ilikuwa ugali na mlenda. Tangu hapo jora halikatwi mpaka tutoe kipande cha sentimita 50 kwa 50, tukifue, tukianike, tukipime tena. Kikitoka 47 na nusu, pateni zote zinaongezwa. Ni kazi ya asubuhi moja, na jua la Dodoma halitozi kitu. Asiyefua kitambaa chake asinisimulie habari za mtaji.

Mengine yanayosemwa kuhusu kazi hii niliyapitia harakaharaka.

"Makao makuu yamekuja, zabuni ziko mlangoni." Serikali ilitangaza kuhamia mwaka 2016, Dodoma ikawa jiji mwaka 2018, na ni kweli taasisi za umma zinatakiwa kutenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu, wanawake wakiwemo. Lakini zilizotengwa zinaombwa. Unaingia kwenye NeST, mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni, kikundi kimesajiliwa, kodi zimekaa sawa, unashindana na wenzako. Ukishinda na kupeleka mzigo, unaweza kusubiri malipo miezi mitatu, na mishahara haisubiri hata siku tatu. Huna mishahara ya miezi mitatu benki? Shona sare za watoto kwanza. Mzazi wa Januari ananung'unika, lakini analipa taslimu.

"Hela za halmashauri ni za bure." Ni mkopo, jamani. Hauna riba, basi. Ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ulisimamishwa mwaka 2023, ukarejea 2024, na unarudishwa.

"Mitumba ndiyo iliyoua nguo zetu." Inabana, sibishi, na anayeshona magauni ya sokoni anaiona kuliko mimi. Ila viwanda vya nguo kama Urafiki na Mwatex vilikuwa vinahema kwa shida tangu miaka ya 1980, mashine zimechoka na fedha za kigeni za vipuri hazipo. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba polepole. Marekani ikatikisa kiberiti cha AGOA, ule mpango wake wa kuruhusu bidhaa za Afrika ziingie kwake bila ushuru, na kufikia 2018 Tanzania ilikuwa imelegeza kamba. Kwangu mimi hesabu ni nyepesi: hakuna balo la mitumba litakalokutolea sketi 300 za bluu moja, saizi tano, kabla shule hazijafunguliwa.

"Pamba inalimwa Shinyanga na Simiyu, kwa nini ununue kitambaa cha nje?" Kwa sababu mkulima anauza pamba, mimi nanunua kitambaa, na katikati kuna kuchambua, kusokota, kufuma na kutia rangi. Sehemu kubwa ya pamba yetu inaondoka nchini ikishachambuliwa tu. Na anayeniambia nitie rangi mwenyewe hapahapa, kazi ya kunywa maji namna ile, aniambie kwanza mara ya mwisho bomba la kwake lilitoka lini.

"Ukiajiri wanawake watupu, uzazi utakufilisi." Hili huniambia wanawake wenzangu, ndiyo maana linaniuma. Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, ndani ya mzunguko wa miaka mitatu. Nafundisha kila mtu hatua mbili za shati badala ya moja. Wa vifungo akienda kujifungua, wa pindo anahamia vifungo. Waliowahi kuniyumbisha ni wanaume wawili walioondoka bila kuaga msimu wa Januari.

Kuhusu wale wauzaji wa vipuri wanaoingia ofisini, wananikuta mezani na kuniuliza, "Mwenyewe yupo?", nimeacha kujibu. Nawaelekeza kwa mkataji.

Mama nilimshauri mashine nne, tatu za kushona na ovaloki moja ya kufunga kingo zisichanuke, fedha inayobaki ikae kwa ajili ya kitambaa na mishahara, na binti aje kwangu miezi mitatu kwenye meza ya kukatia, asiguse cherehani. Mama hakupenda. Alisema mtoto kasomea kushona, siyo kushika mkasi. Akaaga kwa heshima zote na chai hakuimaliza.

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi binti alikuwa getini peke yake. Kumbe mama ameshanunua jora zima la kitambaa cheupe kwa oda ya jirani yao mwenye shule ya chekechea. Binti alikata kipande cha sentimita 50 kwa 50 usiku, akakifua, akakianika Jumapili kutwa. Tukakilaza mezani, nikampa futi apime mwenyewe.

Sentimita 46.

Akapima tena. Kisha akaniomba nisimpigie mama yake, atamwambia mwenyewe jioni.