“Tiba ipo, wameificha”: dhana inayowafanya wagonjwa waache dawa

Dhana: Mgonjwa akipona biashara inakufa, kwa hiyo tiba imefichwa.

Maneno haya husikika kwenye dirisha la dawa kila wiki, na mara nyingi anayeyasema keshaacha kumeza dawa zake. Chukua homa ya ini aina ya C. Desemba 2013 Marekani iliidhinisha dawa yake, Sovaldi, ya kampuni ya Gilead. Dawa za kundi hilo zikichanganywa ipasavyo, kwa kawaida kwa wiki 12, huponya kabisa zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10. Gilead haikuificha. Iliiuza dola 1,000 kidonge kimoja, 84,000 dozi nzima. Mauzo yalipaa, kisha yakaporomoka: washindani waliingia, na aliyepona harudi kununua. Faida haikufungia tiba kabatini. Iliipandishia bei mpaka wengi wakashindwa kuifikia.

Mbona VVU haiponi, basi? Kwa sababu virusi hujichomeka kwenye DNA ya seli za CD4 za kumbukumbu, yaani seli za kinga zinazoweza kulala miaka mingi. ARV huzuia virusi kuzaliana, lakini kilicholala hazikigusi. Akiba hiyo ya virusi vilivyolala hupungua nusu kwa takribani miezi 44, hivyo kuimaliza kwa ARV peke yake kungechukua zaidi ya miaka 70. Ukiacha dawa, kwa watu wengi virusi huonekana tena kwenye damu ndani ya wiki chache. Kipimo kilichosoma “havionekani” kilikuwa kazi ya dawa hizo hizo unazotaka kuziacha!

Kwa mwenye kisukari aina ya kwanza mambo huharibika upesi zaidi. Bila insulini, asidi hujaa kwenye damu ndani ya siku moja au mbili: kiu kali, kutapika, kuhema kwa nguvu. Hiyo ni safari ya hospitali saa ile ile, si ya kusubiri kesho. Ukishuku kampuni, shuku bei zake. Dozi yako usiiguse kabla ya kuzungumza na daktari.

Dhana: Jeneriki, yaani nakala ya dawa ya kampuni ya kwanza, huruhusiwa kupungukiwa dawa kwa asilimia 20.

Hapana. Ile asilimia 80 hadi 125 inayotajwa kwenye kanuni za jeneriki si kiasi cha dawa kwenye kidonge. Ni mipaka ya kitakwimu ya kulinganisha jeneriki na dawa ya kwanza zinavyoingia kwenye damu, na makadirio yote, pamoja na ukingo wake wa makosa, lazima yakae ndani yake. Dawa iliyo chini kwa asilimia 20 kweli kweli hufeli kipimo hicho.

Dhana: Bei kubwa hulipia utafiti.

Mara nyingine tu. Daraprim, dawa ya tangu miaka ya 1950, mwaka 2015 ilipandishwa Marekani kutoka dola 13.50 hadi 750 kidonge. Dawa ilikuwa ile ile.

Dhana: Basi faida haidhuru tiba.

Hudhuru, tena sana, pale mgonjwa asipokuwa na pesa au dawa ikitumika kwa uchache. Kampuni ya Achaogen ilipata idhini ya antibiotiki mpya Juni 2018. Aprili 2019 ikafilisika, kwa kuwa antibiotiki ya namna hiyo hutunzwa kwa ajili ya maambukizi sugu na hutolewa kwa siku chache. Dawa ya eflornithini iliokoa wagonjwa wa malale, lakini miaka ya 1990 ikaacha kutengenezwa kwa ajili yao. Uzalishaji ulihakikishwa tena mwaka 2001, kwa makubaliano na Shirika la Afya Duniani, wakati kiambato hicho hicho kilikuwa kimeshapata soko kama krimu ya kupunguza nywele za usoni.