Esansi Imepanda, Kwa Hiyo Hatutoki? Dhana Potofu Kuhusu Safari za Mapumziko Kutoka Lubumbashi

Kiangazi kikiingia, kuanzia Mei, Lubumbashi, mji wetu wa kusini mwa Congo (DRC), huanza kuwaza kutoka. Mvua zimekatika, barabara za udongo zimekauka, watoto wanauliza ni Jumapili gani tutakwenda ziwa la Kipopo kuona maji. Halafu mtu mzima mmoja anasema esansi (petroli) imepanda, mwaka huu tuache, na mazungumzo yanaishia hapo.

Jambo hili linanigusa. Kuna watoto wa komini za mji wetu, Katuba, Kenya na Ruashi, wanaofika miaka kumi na mbili bila kukanyaga ukingo wa ziwa lililo karibu kuliko mji wa Likasi. Bei ya mafuta inachangia, sikatai. Lakini mara nyingi kinachowafungia nyumbani ni hesabu ambayo hakuna aliyeipiga kwa kalamu na karatasi.

"Mafuta yakipanda, kila safari inakuwa ghali"

Tupige hesabu basi. Kutoka katikati ya mji hadi Kipopo ni kilomita 25 hivi. Kwenda na kurudi ni 50. Gari dogo la Kijapani, kama Toyota IST zilizojaa mjini kwetu, linakula karibu lita 8 kwa kilomita 100, kwa hiyo safari nzima inataka lita 4. Lita moja ikipanda franka 500, safari hiyo inaongezeka franka 2,000. Wakiwa watu watano garini, kila mmoja anaongeza franka 400. Mfuko wa makala (mkaa) wa kuchomea michopo (nyama choma) unaweza kumeza zaidi ya nyongeza hiyo, na hakuna anayeahirisha pikiniki kwa sababu ya makala.

Sasa tuchukue safari ya mbali. Hifadhi ya taifa ya Kundelungu, iliyoanzishwa mwaka 1970, ina maporomoko ya Lofoi, maji yanayoanguka kutoka kimo cha zaidi ya mita 300, miongoni mwa marefu kabisa barani Afrika. Kwenda na kurudi, pamoja na kuzunguka ndani ya hifadhi, hesabu kilomita 400 au zaidi, na sehemu kubwa ni udongo, mawe na mashimo. Huko hufiki na IST. Unataka gari la magurudumu manne yenye nguvu, na kwenye barabara ya namna ile linakula lita 15 kwa kilomita 100 bila shida. Hizo ni lita 60. Nyongeza ileile ya franka 500 sasa ni franka 30,000.

Kupanda kwa bei ni kulekule, lakini safari moja imeguswa kidogo tu na nyingine imepata pigo la kweli. Anayesema "mafuta yamepanda, hatutoki" anaihukumu Kipopo kwa makosa ya Kundelungu. Kinachostahili kubadilika bei inapopanda ni umbali. Kundelungu ingoje mwaka ambao familia mbili tatu zimechanga pamoja. Tena ipangwe vizuri, kwa sababu kiangazi kikikolea, Septemba na Oktoba, maji ya Lofoi huwa yamepungua sana, na ni uchungu kuchoma lita 60 kwenda kutazama jiwe lenye unyevu. Mei na Juni, barabara ikiwa imeanza kukauka na mto bado una nguvu, ndiyo miezi ninayoipenda mimi.

Likasi na ziwa la Tshangalele, lililotokana na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, ziko katikati ya hizo mbili. Lami inafika hadi Likasi, kilomita 120 hivi, lakini peaji (malipo ya kupita barabarani) nayo iingizwe kwenye hesabu. Wengi huisahau, kisha lawama zote zinaenda kwa mafuta.

"Bei ya mafuta ni shida ya wenye magari"

Hii ndiyo dhana inayonikera kuliko zote, maana inawafuta watu wengi wa mji huu kwenye picha.

Mwenye gari akiona bei imepanda ana nafasi ya kucheza: anapunguza mizunguko, anakwenda mahali pa karibu, anambeba jirani wachange. Mama anayepanda taksi-basi kila asubuhi kwenda sokoni hana nafasi hiyo. Nauli inaongezwa ndani ya siku chache baada ya bei kupanda kwenye pompa. Bei ya pompa ikishuka, nauli inachelewa sana kuifuata, na mara nyingine haiifuati kabisa. Pesa iliyokuwa ibaki kwa ajili ya Jumapili moja ya watoto inakwisha kidogo kidogo kati ya Jumatatu na Jumamosi, bila safari yoyote ya mapumziko kufanyika.

Chakula nacho kinafuata. Sehemu kubwa ya unga wa mahindi tunaopikia bukari (ugali) inatoka Zambia kwa malori, na lori linakunywa mazutu (dizeli). Mazutu ikipanda, unga unapanda, na kitu cha kwanza kukatwa kwenye bajeti ya nyumba ni matembezi.

Ndiyo maana naona suluhisho la pikiniki ya watu wengi si gari la mtu mmoja. Chukua Hiace ya watu 15 inayokula lita 12 kwa kilomita 100. Kwenda Kipopo na kurudi ni lita 6, yaani chini ya nusu lita kwa kila mtu. Gari dogo lenye watu watano ni karibu lita moja kasoro kidogo kwa kila mmoja. Gari hilohilo likibeba wawili tu ni lita mbili kila mmoja. Vikundi vya kanisa, vya likelemba (kuchanga na kupokezana pesa) na vya waliosoma darasa moja vina nguvu hapa, kwa sababu vinajaza viti. Kukodi kuna gharama yake juu ya mafuta, na dereva naye ale, lakini ukigawa kwa 15 bado watu wa kipato kidogo wanaweza kutoka.

Na manseba, taksi za pikipiki, je? Pikipiki inakula kidogo, lita mbili na nusu hivi kwa kilomita 100. Kwa mafuta peke yake inashinda gari lenye mtu mmoja. Lakini siishauri familia ipande pikipiki kwenda nje ya mji kwenye barabara ya taifa namba moja, yenye malori ya madini usiku na mchana. Hapo lita iliyookolewa haifai kitu.

"Congo ina mafuta yake, hii bei imepangwa na wenye vituo"

Ni kweli Congo inachimba mafuta, huko Moanda, kwenye pwani ya Atlantiki, upande wa pili kabisa wa nchi. Lakini yanayotoka pale ni mafuta ghafi na yanauzwa nje. Nchi haina kiwanda kinachoyasafisha yawe esansi ya kutosha magari yake, hivyo tunanunua nje kama nchi zisizo na hata tone.

Kwetu kusini yanaingia hasa kwa barabara, kutokea bandari za Bahari ya Hindi. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni safari inayokaribia kilomita 2,000. Bomba la TAZAMA linatoka Dar es Salaam hadi Ndola, kilomita 1,710, na tangu 2023 linapitisha dizeli iliyokwisha kusafishwa, lakini ni kwa ajili ya Zambia. Lori la mafuta likikwama siku kadhaa mpakani Kasumbalesa, tunalisikia mjini.

Na bei iliyoandikwa kwenye kituo haichaguliwi na mwenye kituo. Serikali, kupitia wizara ya uchumi wa taifa, inaweka bei kwa kanda nne: magharibi, mashariki, kaskazini na kusini. Ndani yake mna bei ya kununulia, usafirishaji, ghala, kodi na faida ya muuzaji, na yote yanategemea pia thamani ya franka mbele ya dola. Machi 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, pipa la mafuta ghafi lilipita dola 120 sokoni. Mwenye kituo wa Kampemba, hapa mjini, hakuwa na mkono katika hilo. Muuzaji anaweza kukosea kwa mambo mengine, kama kupunja kipimo au kuficha shehena akingoja bei mpya, na hayo yakemewe kwa majina yake.

"Kasumbalesa si mbali, tukajaze ng'ambo"

Kila Zambia inaposhusha bei, mtu analeta wazo hili. Kasumbalesa iko kilomita 90 na kitu. Kwenda na kurudi kwa gari dogo ni karibu lita 15. Tangi linabeba 45. Maana yake, karibu theluthi ya ulichonunua kimeteketea njiani, na mafuta ya ng'ambo lazima yawe nafuu kwa karibu theluthi ili utoke sare tu. Bado peaji, bado foleni ya malori ambamo injini inanguruma bila gari kusogea, bado karatasi za mpakani. Tena bei ya Zambia si ya kudumu: tangu 2022 inapitiwa kila mwezi, baada ya serikali yao kuondoa ruzuku mwishoni mwa 2021. Ukiwa na shughuli nyingine kule, jaza. Kwenda kwa ajili ya tangi peke yake ni kupoteza siku na pesa.

"Watu wakibanwa na bei huacha kabisa kutembea"

Marekani inatupa mfano wa kuangalia. Juni 2022 wastani wa bei ya esansi nchini humo ulipita dola 5 kwa galoni, yaani lita 3.8 hivi, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwao. Mwaka huohuo hifadhi zao za taifa zilihesabu ziara karibu milioni 312, wakati mwaka 2021 zilikuwa milioni 297. Sehemu ya ongezeko hilo ni watu kurudi baada ya miaka ya korona, kwa hiyo haithibitishi kwamba bei haina nguvu. Inaonyesha kwamba hamu ya kutoka haifi kwa bei peke yake. Wachumi wanaopima matumizi ya mafuta wameona kwa miaka mingi kwamba bei ikipanda kwa asilimia kumi, katika muda mfupi matumizi hupungua kwa asilimia chache tu. Watu hurekebisha kwanza: wanakwenda karibu zaidi, wanalala usiku mmoja badala ya mitatu, wanabeba chakula kutoka nyumbani.

"Kuna ujanja wa kupunguza mafuta"

Mashofa (madereva) wetu wana mafundisho mengi, na baadhi ni ya hatari.

Kushuka mlima gia ikiwa huru ni moja. Kwenye magari ya zamani ya kabureta lilikuwa na hoja. Magari ya sindano (injection), ambayo ndiyo mengi sasa, hukata mafuta yenyewe ukiondoa mguu kwenye eksileta gia ikiwa ndani. Ukiiweka huru, injini inaendelea kunywa ili isizime, na breki zinabeba mzigo wote peke yake. Kwenye mteremko wa udongo, familia ikiwa ndani, usifanye hivyo kamwe.

Kupasha injini moto robo saa asubuhi za baridi za Juni nako hakuna haja. Nusu dakika inatosha, kisha uondoke taratibu. Injini inayonguruma bila kutembea inakunywa kati ya nusu lita na lita moja kwa saa.

Wengine wanajaza alfajiri wakiamini mafuta ya baridi ni mazito, hivyo wanapata zaidi. Esansi hutanuka karibu sehemu moja kwa elfu kwa kila nyuzi moja ya joto, na tangi la kituo liko chini ya ardhi, ambako joto halibadiliki sana. Hakuna kinachopatikana.

Kinachosaidia kweli ni mwendo. Upinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha kasi: ukitoka 90 kwenda 120, unakaribia kuongezeka kwa asilimia 80. Kwenda Likasi utaokoa dakika 20, ukipata barabara tupu, na hiyo barabara hutaipata. Pitia pia kwa kwado, fundi wa matairi, apime upepo wa magurudumu. Waliopunguza upepo ili kuvuka mchanga wakumbuke kuurudisha wakifika lami. Na mizigo iingie ndani. Ikifungwa juu ya paa inakamata hewa njia nzima.

Mafuta ya Kadhafi, yale ya chupa kando ya barabara, yanaonekana kuokoa pesa siku ya uhaba. Huwezi kujua kama yamechanganywa na mafuta ya taa au maji, na kipimo ni chupa yenyewe. Ukiwa mjini, fundi yuko karibu. Ukiwa nusu ya njia ya Kundelungu, pampu ikiharibika mnalala porini.

"Bidoni ndani ya gari haina shida ikiwa imefungwa"

Huko juu Kundelungu hakuna pompa, kwa hiyo bidoni (dumu la mafuta) ni lazima, lakini si ndani na watoto. Mvuke wa esansi unapita kwenye kifuniko kinachoonekana kimefungwa, unaumiza kichwa, na cheche moja inatosha kuuwasha. Bidoni iwe ya mafuta hasa, si ya mafuta ya kupikia, isimamishwe wima na kufungwa imara nje ya chumba cha abiria. Wakati wa kujaza ishushwe chini kwenye sakafu ya kituo, kwa sababu ikijazwa ikiwa juu ya zulia au plastiki ya gari inaweza kukusanya umeme tuli. Na isijazwe hadi shingoni: esansi iliyopimwa asubuhi ya baridi Lubumbashi inatanuka jua la saa saba likiipiga njiani, na inahitaji nafasi.