Saundi kadi ya studio: inafanya nini, na unachaguaje ya kazi

Anayefungua studio ya kurekodi Dar es Salaam, iwe Sinza, Tabata au chumba cha uani kule Mbagala, mara nyingi huanza kuulizia maiki. Halafu spika. Kile kiboksi cha katikati, ambacho maiki inachomekwa upande mmoja na kompyuta upande wa pili, hununuliwa mwisho kwa hela iliyobaki. Mtaani tunakiita saundi kadi. Kwenye maboksi na maduka ya mtandaoni utakikuta kama odio intafesi. Ni kitu kilekile.

Kazi yake ni hii. Maiki inatoa umeme mdogo sana, wa milivolti chache tu, na kompyuta haina habari na umeme huo kwa sababu yenyewe inaelewa namba. Kwa hiyo ndani ya kiboksi kuna priampu inayoukuza umeme wa maiki, na baada yake kuna kigeuzi kinachoupima maelfu ya mara kwa sekunde na kuuandika kama namba. Namba zinapita kwenye waya wa USB hadi kwenye programu yako. Ukibonyeza kusikiliza, safari inageuka: namba zinarudi, kigeuzi cha pili kinazifanya umeme tena, na umeme huo unakwenda kwenye spika na hedifoni. Maana yake kila unachorekodi kimepita humo, na kila uamuzi unaoufanya wakati wa kumiksi umetokana na sauti iliyopita humo.

Ya kitaalamu, basi, ni ipi? Wauzaji wengi watakuonyesha taa, vitufe na idadi ya matundu. Kipimo changu mimi ni kimoja: mteja yumo ndani, muda unakwenda, na kiboksi hakikwamishi kazi. Hakikatikikatiki, hakicheleweshi sauti, hakiongezi mvumo. Mengine yote ni ya ziada.

Tuanze na namba zilizoandikwa kwenye boksi, maana ndizo zinazowatia watu kiwewe bila sababu. CD inatumia sampuli (yaani vipimo vya umeme) 44,100 kwa sekunde, na video kwa kawaida 48,000. Kanuni ni kwamba idadi ya sampuli lazima izidi mara mbili ya sauti nyembamba kuliko zote unayotaka kuinasa, na sikio la kijana mwenye afya linakomea karibu na Hz 20,000 (mitetemo 20,000 kwa sekunde). Kwa hiyo 48,000 inatosha na chenji inabaki. Siku hizi hata saundi kadi ya bei ya chini inafika hapo, na nyingi zinafika 192,000. Ukiona kHz 192 imeandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni, usiifanye sababu ya kuongeza hela. Rekodi kwa 48,000 na diski yako itakushukuru.

Biti, yaani urefu wa namba inayoandikwa kwa kila sampuli, ni habari nyingine, zina faida ya kweli. Biti 16 zinakupa nafasi ya desibeli 96 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Biti 24, kwa hesabu za karatasi, zinakupa 144, ingawa kigeuzi kizuri kwa uhalisia kinaishia kwenye 120 hivi. Nafasi hiyo ndiyo inayokuruhusu kurekodi kwa chini bila kuogopa mchuzo, ile "shhh" ya nyuma ya sauti. Msanii wa singeli anaanza kwa kunong'ona, mstari wa nne anapiga kelele hadi mishipa ya shingo inatoka. Ukiwa na biti 24, weka gaini (kiasi ambacho priampu inakuza sauti) ili kelele zake za juu zifike desibeli 12 chini ya ukomo, na akiruka hafiki kwenye taa nyekundu. Sauti ikishagonga taa nyekundu wakati wa kurekodi imekatwa kichwa, na kuirudishia kichwa hicho baadaye ni kazi ya kubahatisha.

Sasa kuchelewa kwa sauti, na hapa ndipo ningependa mnunuzi akae kidogo. Kompyuta haipokei sampuli mojamoja. Inazikusanya kwenye bafa, kama daladala linalosubiri lijae ndipo liondoke. Gari dogo linajaa upesi na kuondoka upesi, ila dereva anapiga ruti nyingi na anachoka. Bafa ya sampuli 256 kwa 48,000 kwa sekunde inajaa ndani ya milisekunde 5.3. Ya 1,024 inachukua 21. Na hiyo ni kwenda tu, kurudi ni hivyo tena, juu yake kuna muda wa vigeuzi na wa USB yenyewe.

Weka hesabu hiyo kwenye muziki wetu. Singeli ya mapigo 240 kwa dakika ina milisekunde 250 kati ya pigo na pigo. Msanii anayekata kila pigo vipande vinne anatoa silabi kila milisekunde 62.5. Ukimwekea bafa ya 1,024, sauti yake inamrudia kwenye hedifoni ikiwa imechelewa zaidi ya milisekunde 42, yaani zaidi ya nusu ya silabi. Atakwambia, "Prodyuza, najisikia mara mbili," na wewe utaanza kumlaumu kwamba hana taimu. Kwenye baladi ya taratibu angevumilia. Kwenye singeli hawezi.

Saundi kadi nyingi zina njia ya mkato: kitufe kinachopeleka sauti ya maiki moja kwa moja kwenye hedifoni bila kupitia kompyuta. Kuchelewa kunakuwa hakusikiki tena. Tatizo ni kwamba msanii anajisikia mkavu, bila efekti, na wasanii wa Bongo Fleva wa leo wengi wanataka kusikia ototyuni, efekti inayonyoosha noti, palepale wanapoimba, kwa sababu wanaimba kwa kuifuata. Ukiwa na wateja wa aina hiyo una njia mbili. Ama ununue saundi kadi yenye prosesa yake ndani inayofanya kazi ya efekti, kama Apollo za Universal Audio, ama ununue yenye draiva inayokuruhusu kushusha bafa hadi 64 au 128 bila sauti kuanza kupasukapasuka kama mahindi kwenye sufuria.

Draiva ni programu inayoiunganisha saundi kadi na kompyuta, na nadhani ndiyo sababu ya kweli ya tofauti kubwa za bei. Kwenye Mac kuna Core Audio iliyojengwa na Apple. Kwenye Windows, ambako studio nyingi za hapa zipo, kiwango ni ASIO iliyotoka kampuni ya Steinberg ya Ujerumani, na watengenezaji wengi wana draiva za kwao, kila mmoja kwa ubora wake. Wale wasioandika wanakuachia ASIO4ALL, ya bure, inayofaa mtu wa nyumbani lakini siyo studio inayotoza kwa saa. RME, ambao pia ni Wajerumani, wamejijengea jina hasa kwa draiva zao, na ndiyo maana Babyface yao inauzwa bei inayomshangaza anayeangalia idadi ya matundu peke yake.

Aina ya waya haina uzito ambao watu wanaupa. Chaneli moja ya biti 24 kwa 48,000 inakula biti 1,152,000 kwa sekunde. Chaneli 16 ni kama megabiti 18 na nusu. USB 2.0, ile ya zamani, ina uwezo wa 480. Kichwa cha USB-C ni umbo la plagi tu.

Kwenye priampu, angalia maiki uliyonayo. Maiki za aina ya kondensa zinahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye saundi kadi, na karibu kila saundi kadi ya studio inazo. Zenye usumbufu ni maiki za dainamiki, zisizohitaji umeme huo, zenye sauti ndogo. Shure SM7B, inayopendwa na watu wa vipindi na redio, inadai gaini ya desibeli 60 hivi kwa mtu anayeongea kawaida. Saundi kadi yenye ukomo wa 50 na kitu itakulazimisha kuzungusha kitufe hadi mwisho, na mwisho wa kitufe ndiko mchuzo unakoishi. Watu hununua kiboksi kingine cha kusukumia sauti, gharama ambayo ingekwenda kwenye saundi kadi bora tangu mwanzo. Kuna pia kipimo cha kelele ya priampu. Nzuri zinasoma kama desibeli 128 chini ya sifuri (kwenye maandishi ni -128 dBu; ikishuka zaidi, kelele ni ndogo zaidi), na kwa maiki ya kawaida fizikia yenyewe haikuruhusu kushuka chini ya 131 hivi. Anayekuuzia tofauti ya desibeli moja hapo anakuuzia kitu ambacho feni yako, kiyoyozi cha jirani na bodaboda ya barabarani vitakifunika kabla wimbo haujaanza. Ziba chumba kwanza.

Idadi ya matundu inategemea nani anaingia mlangoni. Prodyuza anayetengeneza mdundo kwenye kompyuta na kurekodi mtu mmoja mmoja anahitaji matundu mawili mazuri, basi. Kwa maoni yangu studio nyingi za Dar ziko hapa, na mawili mazuri yanayashinda manane ya kubahatisha. Hali inabadilika ukipokea kwaya za kanisani, vikundi vya taarab au bendi za dansi. Ngoma za drams peke yake zinaweza kumaliza maiki nane, na kwaya ya sauti nne yenye kinanda, gitaa la solo na la besi hairekodiki kwa pamoja, kila kimoja kwenye chaneli yake, kwenye matundu mawili. Soma maandishi kwa makini, kwani namba kubwa kwenye jina si idadi ya maiki. Focusrite Scarlett 18i20 inahesabu viingilio 18, lakini vya maiki ni nane, vingine ni vya dijitali. Tundu la dijitali liitwalo ADAT si la kudharau, kwa sababu baadaye unaweza kuongeza priampu nane za nje kwa waya mmoja wa mwanga. Nane hizo ni kwa 48,000. Ukipanda 96,000 zinabaki nne.

Upande wa kutokea, dai hedifoni mbili zenye vitufe viwili tofauti. Msanii anataka mdundo juu, wewe unataka kumsikia anavyomeza maneno, na wote wawili mko sahihi.

Kisha kuna umeme wetu, jambo ambalo wahakiki wa ughaibuni hawaliandiki. Saundi kadi inayokula umeme kutoka USB ina faida kubwa hapa: TANESCO wakikata na kompyuta ni ya mkononi, teki inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Spika zinazima, ila sauti ya mteja imehifadhiwa. Zile kubwa zenye plagi yake ya ukutani zinahitaji UPS, na bei ya UPS iwe ndani ya bajeti yako ya saundi kadi. Ukisikia mvumo wa chini usiokoma, huenda ni Hz 50 za umeme wa ukutani, na mara nyingi chanzo ni waya wa ardhi wa nyumba, ambao kwenye nyumba za kupanga wakati mwingine haupo kabisa. Muite fundi umeme apime. Usikate pini ya ardhi kwenye plagi kama wanavyofanya baadhi ya watu: mvumo utaisha, lakini siku ya hitilafu umeme unaweza kupitia kwa mtu aliyeshika maiki.

Ukinunua saundi kadi iliyokwishatumika, nenda na maiki yako na hedifoni zako, kondensa mbili ukiweza kuazima. Washa volti 48 kwa matundu yote pamoja, ngoja dakika kadhaa uone kama inajizima. Zungusha gaini polepole mwanzo hadi mwisho na usikilize kama kitufe kinakwaruza. Viboksi vya maeneo ya pwani kama Msasani na Kigamboni vinaweza kuwa vimeliwa na hewa ya chumvi. Chomeka na uchomoe kila tundu. Kisha ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji ukaangalie mambo mawili: kama draiva ya mtindo huo bado inatolewa kwa Windows uliyonayo, na kama namba ya utambulisho (serial number) iliyo chini ya kiboksi inakubali kusajiliwa. Ikikataa, mrudishie mwenyewe kabla hujatoa hela.