Kinyesi cha kijani si ugonjwa

Wiki hii nimetumiwa tena picha ya kinyesi cha kuku. Kijani kibichi, cheupe pembeni, na chini yake swali lile lile: "Daktari, huu ni mdondo, niwape dawa gani?" Nilipojibu, poda ya njano ya antibiotiki ilikuwa imeshakorogwa kwenye maji ya kuku wote, wazima kwa wagonjwa.

Swali hilo limebeba mambo mawili yasiyo kweli. Kinyesi cha kijani hakithibitishi mdondo. Na mdondo, ambao wengine mnauita kideri, hata ukithibitika hauna dawa. Nimeshaeleza haya kwa mdomo mpaka nimechoka, kwa hiyo leo nayaandika yote mahali pamoja.

Tuanze na hiyo rangi. Ini la kuku hutengeneza nyongo mchana na usiku, na nyongo ya ndege ni ya kijani kwa sababu ya rangi iitwayo biliverdini. Nyongo humwagwa kwenye utumbo ili kusaidia kusaga mafuta. Kuku akiwa anakula vizuri, inachanganyika na chakula na kinyesi kinatoka cha kahawia. Asipokula siku nzima, utumbo unabaki na nyongo na ute tu, na hicho ndicho kinachotoka. Ile sehemu nyeupe ni mkojo. Kuku hana kibofu. Figo zake hutoa uchafu mweupe mzito unaotokea njia moja na kinyesi. Kwa hiyo picha mnayonitumia inaniambia jambo moja tu: huenda kuku huyu hajala.

Sababu za kutokula ni nyingi. Mdondo, ndiyo. Lakini pia homa ya matumbo ya kuku, kipindupindu cha kuku, minyoo mingi, gole (mfuko wa chakula chini ya shingo) lililoziba, chakula kilichoota ukungu, au mtetea mnyonge anayefukuzwa chomboni na wenzake kila akisogea. Huyo wa mwisho nimemwona mara nyingi. Anazubaa, mabawa yameshuka, anaharisha kijani, mwenye banda analia mdondo, na tiba yake ni chombo cha pili cha chakula upande wa pili wa banda. Wapo pia kuku walioshinda wanadonoa majani, wakanya kijani na afya yao ni njema kabisa.

Mshike kuku. Papasa gole jioni: likiwa limejaa na laini, alikula. Likiwa tupu na kifua kimechongoka mfupa, hajala kwa siku nyingi, na ugonjwa huo haukuanza jana. Likiwa gumu kama jiwe na asubuhi bado halijashuka, limeziba. Fungua mdomo, tazama ulimi na koo. Geuza manyoya karibu na sehemu ya haja utafute chawa na mayai yao yaliyoganda kwenye mashina ya manyoya. Kazi hii ni ya dakika chache na inakupa habari zaidi ya picha yoyote ya kinyesi.

Sasa mdondo wenyewe. Ni ugonjwa wa virusi. Ulielezwa kwanza mwaka 1926, huko Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza. Kinachoutambulisha ni kasi. Virusi vikiingia, dalili huanza kati ya siku 2 na 15, mara nyingi siku ya 5 au ya 6. Katika kundi lisilochanjwa, leo wawili wamezubaa, kesho kumi, keshokutwa unaokota mizoga, na kuku wa kila rika wamo. Wanahema mdomo wazi, wanakohoa, uso unavimba kuzunguka macho, mayai yanakatika au yanatoka na ganda laini. Waliovuka wimbi la kwanza ndio unaowaona wamepinda shingo, wanazunguka papo kwa papo, bawa moja au mguu umepooza.

Kundi ambalo kuku mmoja anakufa kila wiki mbili, miezi mitatu mfululizo, wengine wanataga, hilo si kundi lenye mdondo mkali. Tafuta kitu kingine.

Hata shingo iliyopinda haitoshi peke yake. Kifaranga aliyekosa vitamini B1 naye hutazama nyota. Na hapa kuna mtego: amproliamu, dawa ya koksidiosi (ugonjwa wa kimelea cha utumbo), hufanya kazi kwa kumnyima kimelea vitamini hiyo hiyo. Ukiizidisha kipimo au siku, kifaranga naye anakosa. Na ukichanganya amproliamu na vitamini zenye B1 kwenye maji yale yale, umeidhoofisha dawa uliyoinunua.

Vitabu vinasema nikipasua mzoga nitaona vidoa vya damu kwenye tumbo lililo juu ya firigisi. Mara nyingine naviona. Mara nyingi sivioni na kuku alikufa kwa mdondo vilevile. Na kuna jambo zito zaidi: mdondo mkali na mafua makali ya ndege hayatofautishwi kwa macho, si kwa macho yangu wala ya daktari mwingine. Maabara ndiyo inayosema. Ndiyo maana kuku wakifa wengi kwa ghafla nasisitiza taarifa ipelekwe kwa ofisa wa mifugo, na mizoga isishikwe mikono mitupu wala kupelekwa jikoni.

Nije kwenye poda ya njano. Antibiotiki huua bakteria. Virusi vya mdondo si bakteria. Havina kile ambacho dawa hiyo inakishambulia. Imani kwamba inaponya inatoka wapi? Kwanza, katika kila mlipuko wapo wanaobaki hai, na aliyewapa dawa huamini dawa ndiyo iliyowabakiza. Hahesabu waliokunywa maji yale yale wakafa. Pili, mara nyingi ugonjwa haukuwa mdondo. Ulikuwa homa ya matumbo au mafua ya kuku (si yale ya ndege), ambayo ni ya bakteria, na dawa kweli ilituliza. Hadithi ikaenea kwamba fulani alitibu mdondo.

Niseme wazi pia kwamba mimi mwenyewe wakati mwingine huandika antibiotiki katikati ya mlipuko wa virusi, kuwazuia bakteria wanaoingia kwenye mapafu yaliyokwisha kuchubuka. Kama ilisaidia au kuku wale wangepona tu, kwa banda moja siwezi kuapa. Ninachojua ni kwamba naandika kwa sababu maalumu, kwa kipimo na siku kamili, na mayai ya siku za dawa pamoja na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo hayaliwi. Kumwaga nusu kijiko kila kuku akipiga chafya ni jambo jingine kabisa. Unafundisha bakteria kuizoea dawa, na siku ugonjwa wa bakteria ukija kweli, dawa haishiki.

Mengine kwa ufupi. Vifaranga wa wiki 3 hadi 8 wakinya damu, fikiria koksidiosi, na kabla ya dawa toa maranda yaliyolowa: vijiyai vya kimelea vinahitaji unyevu na joto ili viweze kuambukiza, na siku moja au mbili zinatosha. Mafua ya kuku, uso umevimba na pua inanuka: dawa inasaidia, ila aliyepona hubeba ugonjwa, usimchanganye na wageni. Ndui, vigaga kwenye upanga na macho: ni ya virusi na inaenezwa na mbu. Safisha vidonda, subiri, na wenye utando ndani ya mdomo ndio wa kuhofia. Magamba ya miguu yaliyonyanyuka ni utitiri. Mafuta mazito yaliyopakwa vizuri kwa kurudia yanaukosesha hewa.

Linaloniudhi kuliko yote ni sentensi hii: "Nilichanja mdondo na bado wamekufa, chanjo ni uongo." Nikiuliza ilivyofanyika, chanjo ilitembea mchana kutwa kwenye mfuko wa suruali. Au ilichanganywa na maji ya bomba yenye klorini. Klorini imewekwa kwenye maji ili iue vijidudu, na chanjo hizi nyingi ni virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo inaviua. Wakanywa maji matupu.

Ukichanja kwa maji, tumia ya kisima safi, au ya bomba yaliyochemshwa yakalala wazi usiku hadi yapoe. Weka maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 hadi 2.5 kwa lita, kisha chanjo baadaye kidogo. Vyombo vya plastiki, visiwe vya bati, vioshwe bila dawa wala sabuni. Wanyime kuku maji saa moja au mbili kabla, kisha wape kiasi watakachomaliza ndani ya saa mbili, na vyombo viwe vya kutosha hata wanyonge wafike. Yote kivulini.

Mwenye kuku ishirini nyumbani asihangaike na maji. Tone la jicho ni bora. Mlaze kuku kwapani, jicho moja juu, dondosha tone moja bila kugusa mboni, na usimwachie mpaka apepese na tone lipotee. Akitikisa kichwa likaruka, rudia. Chanjo ya mdondo iitwayo I-2, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, inavumilia joto kuliko nyingine na hupewa tone moja kuku wa kila umri, ikirudiwa kila miezi mitatu au minne. Kuvumilia joto hakumaanishi iachwe juani.

Kuna kosa la wakati pia. Kifaranga huzaliwa na kinga ya mama kupitia kiini cha yai, na kinga hiyo inaweza kuizima chanjo iliyotolewa mapema, ndiyo maana dozi moja ya utotoni haitoshi na tunarudia. Gumboro, ugonjwa mwingine wa virusi wa vifaranga, nayo huharibu kiungo kidogo kilicho juu ya sehemu ya haja ambako kinga ya kifaranga hujengwa. Kundi lililopita Gumboro linaweza kuchanjwa vizuri kabisa mdondo na kinga isijengeke. Na chanjo yoyote inahitaji siku 7 hadi 14 ndipo kuku awe na kinga. Kuchanja siku ya tatu ya mlipuko ni kuchelewa, tena mikono yako inayomshika mgonjwa ndiyo inayomshika mzima.

Katika mlipuko, kazi ni hii: funga banda, kuku asitoke wala kuingia, usiuze hata mmoja. Hudumia wazima kwanza, wagonjwa mwisho, kwa viatu tofauti. Mizoga ichomwe au izikwe kina kirefu mbwa asifukue. Wape wagonjwa maji safi, joto na chakula laini. Mlipuko ukiisha, toa maranda yote, osha kwa sabuni kwanza, maana dawa ya kuua vijidudu ikipakwa juu ya kinyesi haifanyi kitu. Acha jua liingie, liache banda bila kuku wiki kadhaa. Kuku wapya waliochanjwa watengwe wiki tatu mbali na waliobaki, na waliobaki nao wachanjwe upya kabla ya kuchanganywa.

Ukinitafuta, niambie umri wa kuku, wangapi walikuwepo, wangapi wamekufa na siku gani, walichanjwa nini lini, na nani mpya aliingia mwezi huu. Ukiwa na mzoga wa leo, uufunge kwenye mifuko miwili, uuweke penye baridi bila kuugandisha, na uulete mapema.