Mkakati wa kuruka visiwa: maana yake, na yaliyoipata Wake

Kuruka visiwa ni mkakati uliotumiwa na Marekani katika Bahari ya Pasifiki wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Badala ya kuteka kila kisiwa kilichoshikwa na Wajapani, majeshi yake yaliteka vile vilivyowasogeza karibu na Japani. Vingine vilipitwa, vikakatiwa chakula, mafuta na risasi, na kupigwa mabomu mara kwa mara.

Wake ilikuwa mojawapo ya vilivyopitwa. Ni visiwa vitatu vidogo vya matumbawe, jumla kama kilomita za mraba 7, zaidi ya kilomita 3,600 magharibi mwa Hawaii. Hakuna mto, maji matamu ya asili ni ya mvua tu. Vilikuwa mikononi mwa Marekani, na kilichogombaniwa ni uwanja wa ndege. Wajapani waliishambulia tarehe 8 Desemba 1941, saa chache baada ya kushambulia Pearl Harbor, kituo cha wanamaji wa Marekani huko Hawaii. Walipojaribu kutua tarehe 11 walipoteza manowari mbili, Hayate na Kisaragi. Wakarudi tarehe 23 na nguvu kubwa zaidi, wakaiteka.

Mateka wengi walisafirishwa. Raia 98 waliokuja kujenga kituo, watu wa kazi wala si wanajeshi, wakabakizwa kuwajengea Wajapani ngome. Mwanzoni mwa Oktoba 1943 ndege za Marekani zilishambulia kwa nguvu. Admirali Shigematsu Sakaibara, akidhani uvamizi umefika, akaamuru wote wauawe. Mmoja alitoroka, akachonga kwenye mwamba wa matumbawe: “98 US PW 5-10-43”, yaani mateka wa vita 98 wa Marekani, 5 Oktoba 1943. Alikamatwa, akakatwa kichwa. Maandishi yake yangalipo.

Uvamizi haukuja. Mkakati huu husifiwa kwa kuokoa maisha ya wanajeshi, na ni kweli: hakuna Mmarekani aliyetumwa kufia ufukweni akijaribu kuikomboa Wake. Lakini anayepiga hesabu hiyo awahesabu na wale 98, waliokwama ndani ya kisiwa ambacho hakuna aliyekuja kukichukua.

Walinzi wa Kijapani nao njaa iliwamaliza. Meli za mizigo hazikuweza tena kupita, na kilicholetwa na nyambizi hakikutosha. Walivua, walilima vibustani, wakawinda ndege hata spishi moja isiyoruka, iliyopatikana Wake tu, ikatoweka duniani. Waliosalia walijisalimisha tarehe 4 Septemba 1945, Japani yenyewe ikiwa imekwisha kushindwa. Sakaibara alishtakiwa kwa mauaji ya wale raia, akanyongwa katika kisiwa cha Guam mwaka 1947.